Kutoka Nyika Hadi Shambaai: Matembezi ya Siku Moja katika Milima ya Usambara

Maneno "kupanda mlima", yanapotajwa Afrika Mashariki, huielekeza fikra ya msikilizaji Kilimanjaro: safari ya siku tano au zaidi, wapagazi na mahema, baridi kali ya usiku, na kilele kilichoko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Picha hiyo ni ya kweli, lakini imekifunika kitendo kingine kilicho chepesi zaidi, chenye gharama ndogo, na kinachoweza kufanywa na familia nzima kuanzia babu hadi mjukuu. Kitendo hicho ni matembezi ya milimani ya siku moja, yaani mwendo wa miguu unaoanza baada ya chai ya asubuhi na kukoma kabla ya jua kutua, ambapo mtembeaji hulala usiku huo katika kitanda kile kile alichoamkia. Matembezi ya aina hii hayadai kilele wala cheti. Hudai muda, viatu vinavyomkaa mtu vizuri miguuni, na utayari wa kuitazama nchi kwa mwendo wa hatua, ambao ndio mwendo ambao nchi za milimani zilitengenezewa njia zake tangu hapo mwanzo.

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, matembezi haya ni desturi iliyozoeleka ya likizo ya kiangazi, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, wakati theluji imekwisha kuyeyuka katika njia za juu na mchana ni mrefu. Kusini mwa ikweta miezi hiyo hiyo ni ya kipupwe, msimu wa baridi na ukavu unaofuata masika, nao ni msimu mzuri kuliko yote wa kutembea katika milima ya Tanzania, kwa sababu mvua kubwa za Machi hadi Mei zimekatika, udongo wa mfinyanzi umekauka kiasi cha kutoteleza, na jua la mchana halichomi. Ni miezi ambayo shule nyingi za Tanzania hufunga kwa mapumziko ya katikati ya mwaka, na ambayo ndugu wengi waishio Ulaya au Ghuba hurudi nyumbani kwa sababu shule za watoto wao huko zimefungwa. Likizo ya namna hiyo mara nyingi huishia pwani au kwenye sebule za jamaa, hali mahali panapofaa kabisa kwa matembezi pako umbali wa saa chache kutoka Tanga, napo ni milima ya Usambara.

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, jina lililopewa mafungu 13 ya milima yanayojipinda kama upinde kuanzia vilima vya Taita nchini Kenya, kupitia Upare, Usambara, Nguu na Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge kusini mwa Tanzania. Milima hii haina undugu na Kilimanjaro. Kilimanjaro ni volkano, mlima uliojengwa na lava katika kipindi ambacho wanajiolojia hukihesabu kuwa cha karibuni, ilhali Usambara ni bonge la miamba ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, ambalo lilinyanyuliwa wakati gamba la dunia lilipopasuka kwa mistari mirefu na upande mmoja wa mpasuko kupanda huku mwingine ukishuka. Ndiyo maana mtu anayesafiri kwa basi katika barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi huiona Usambara imesimama kama ukuta: upande mmoja nyika bapa yenye mashamba ya mkonge, upande wa pili genge linalopanda karibu mita elfu moja kwa ghafla, bila vilima vya kutangulia. Bonde la mto Lwengera limeikata milima hii sehemu mbili, Usambara Mashariki iliyo karibu na bahari na yenye mvua nyingi zaidi, na Usambara Magharibi iliyo pana na ya juu zaidi, ambayo mji wake mkuu ni Lushoto. Makala haya yanahusu zaidi hii ya pili.

Hali ya hewa ya huko haieleweki bila kuutaja upepo wa kusi. Upepo huu, ambao mabaharia wa pwani waliutegemea kwa karne nyingi kwenda kaskazini na majahazi yao, huvuma kutoka kusini mashariki katikati ya mwaka, ukiwa umebeba unyevu wa Bahari ya Hindi. Unapoifikia milima hulazimika kupanda, na hewa inayopanda hupoa, kwa wastani wa nyuzi sita na nusu za Selsiasi kwa kila mita elfu moja. Ikipoa vya kutosha, mvuke wake hugeuka kuwa matone madogo, na hayo ndiyo ukungu unaoyafunika mabonde ya Lushoto asubuhi nyingi za Juni na Julai. Upande wa magharibi, upepo huo ukishuka tena kuelekea nyikani, huwa umekwisha kuacha unyevu wake nyuma, na nchi iliyo chini hubaki kavu. Hali hii wataalamu huiita kivuli cha mvua. Tofauti ni kubwa: Amani, katika Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, Lushoto hupata takriban nusu yake, na nyika ya chini hupata pungufu zaidi ya hapo. Kwa mtembeaji, maana ya haya yote ni kwamba ukungu wa asubuhi haupaswi kumvunja moyo, kwani mara nyingi hutawanyika kadiri jua linavyopanda. Maana yake pia ni kwamba mji wa Lushoto, ulioko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, unaweza kuwa na usiku wenye nyuzi kumi tu wakati Tanga iko katika joto lake la kawaida, jambo ambalo wageni kutoka pwani huligundua wakiwa wamechelewa, wakati sanduku lao halina sweta.

Baridi hiyo ndiyo iliyowavuta Wajerumani, ambao mji huo waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao, na kuufanya mahali pa kupumzikia maofisa na walowezi waliochoshwa na joto la pwani. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo, chini ya milima, mwaka 1905, na hadi leo Mombo ndiyo njia panda ambapo msafiri huiacha barabara kuu na kupanda kilomita zipatazo 33 za lami yenye kona nyingi, akipita Soni na maporomoko yake, hadi Lushoto. Ni rahisi, kwa sababu ya historia hiyo, kuyadhania matembezi ya Usambara kuwa jambo la kizungu lililoachwa na wakoloni pamoja na paa za vigae. Dhana hiyo si sahihi, na ubaya wake ni kwamba humfanya mtembeaji asikione kile anachokikanyaga. Njia za Usambara hazikuchongwa kwa ajili ya watalii. Zilikuwapo kabla ya Wajerumani, nazo zilikuwapo kwa sababu za kiuchumi zilizo wazi.

Wasambaa, wenyeji wa milima hii, huigawa dunia yao katika sehemu mbili. Iko Shambaai, nchi ya juu, yenye baridi, mvua, migomba na mimea ya kijani, na jina la Usambara lenyewe limetokana na neno hilo. Na iko nyika, nchi ya chini, yenye joto, miiba, wanyamapori na homa. Mgawanyo huu hautegemei mita za mwinuko bali mimea: mahali mimea ya juu inapokoma na ya chini inapoanza, hapo ndipo mpaka. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeutafiti ufalme wa Wasambaa na kuchapisha kitabu kuuhusu mwaka 1974, alionyesha kwamba vijiji vingi vya zamani vilijengwa karibu na ukingo wa milima kwa makusudi, ili familia moja iweze kulima juu na chini, na mavuno yakikosekana upande mmoja, upande mwingine uwalishe. Njia zinazoshuka gengeni, zile ambazo mgeni huziona kuwa za hatari zisizo na sababu, zilikuwa mishipa ya uchumi huo. Kila mwendo wa siku moja katika Usambara, hasa unaofika ukingoni, hupita juu ya fikra hiyo ya nchi mbili, na anayeijua huona mengi kuliko asiyeijua.

Mahali pa kuiona kwa uwazi ni Irente. Kutoka mjini Lushoto hadi ukingo wa Irente ni mwendo wa kilomita tano au sita, usio na mpando mkali, unaopita kati ya nyumba, migomba, mikaratusi na bustani za mboga, na kuishia ghafla juu ya jabali, mahali ambapo ardhi inakoma na macho yanabaki na anga. Chini kabisa, kama mita elfu moja, huonekana mistari iliyonyooka ya mashamba ya mkonge, barabara kuu iliyo nyembamba kama uzi, na Mazinde. Jina hili la mwisho lina uzito wake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ufalme wa Usambara ulitawaliwa na Kimweri ye Nyumbai kutoka Vuga, mji wa juu milimani, na uwezo wa mfalme ulihesabiwa kwa mvua na rutuba ya nchi ya juu. Kimweri alipofariki mwaka 1862, warithi wake waligombana, na mwanawe Semboja, badala ya kwenda kukaa Vuga, alikaa Mazinde, chini nyikani, kwenye njia ya misafara iliyokuwa ikipitisha pembe za ndovu na watumwa kwenda pwani na kurudi na bunduki. Hata alipoiteka Vuga, alimweka mwanawe kuwa mfalme huko, yeye akabaki bondeni. Kitovu cha nguvu kilikuwa kimehama kutoka Shambaai kwenda nyika, na vita, njaa na biashara ya watu vilivyofuata viliichakaza milima kwa miaka mingi. Habari za ukoo huo wa watawala, Wakilindi, ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyewafahamu wahusika kwa karibu, katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi, ambacho ni miongoni mwa maandishi makubwa ya historia katika lugha hii. Ni masikitiko kwamba maelfu ya watu husimama Irente kila mwaka, wakapigana picha wakiwa wamenyoosha mikono, wakaondoka bila kuambiwa kwamba jicho lao lilikuwa limeangukia mahali ambapo ufalme ulivunjikia.

Mwendo wa aina nyingine kabisa ni ule wa msituni. Kaskazini ya Lushoto iko Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kuingia humo kunahitaji kibali kinacholipiwa. Hadhi ya "mazingira asilia" ni daraja la juu la ulinzi wa misitu nchini, ambalo halikubali ukataji wa miti bali huruhusu utafiti, elimu na utalii. Ya kwanza kupewa hadhi hiyo ilikuwa Amani, mwaka 1997. Katika Magamba hewa hubadilika mara tu mtembeaji anapoingia chini ya miti. Mwanga hupungua, udongo huwa mweusi na laini, na mashina huvikwa kuvu na kuvumwani, yaani vile viumbe vyepesi vinavyoning'inia kama ndevu za kijivu, ambavyo hustawi mahali penye ukungu. Miongoni mwa miti mikubwa ya misitu hii ni kafuri, ambayo jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limebeba jina la milima yenyewe. Mbao zake zenye harufu nzuri zilipendwa mno na mafundi, na kwa sababu hiyo miti mikubwa ya aina hii imekuwa adimu. Juu ya matawi hupita mbega weusi wenye mabega meupe, na kwenye vichaka vya pembeni mwa njia huishi vinyonga wa aina kadhaa, mmojawapo akiwa na pembe tatu usoni kwa dume. Si vyema kuwashika wala kumlipa mtoto anayewaleta wakiwa wamefungwa kwenye kijiti, kwani malipo hayo ndiyo yanayowafanya watolewe msituni.

Upekee wa viumbe hawa una maelezo yake. Kwa kuwa upepo wa baharini umeendelea kuilisha milima hii unyevu kwa mamilioni ya miaka, hata katika vipindi ambavyo bara la Afrika lilikauka na misitu ya sehemu nyingine kunyauka, misitu ya Tao la Mashariki ilibaki kama visiwa katikati ya nyika, na mimea na wanyama waliofungiwa humo walibadilika kivyao, kila mlima na wake. Mfano unaojulikana duniani kote ni ua dogo la zambarau linaloitwa urujuani wa Afrika. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia ionantha. Leo hii linakaa katika vyungu madirishani kwa mamilioni, huku wengi wa wanaolimwagilia wakiwa hawajui kwamba asili yake ni mawe yenye kivuli ya Tanga na Usambara. Porini limekuwa haba, na kwa ujumla Tao la Mashariki limekwisha kupoteza zaidi ya theluthi mbili ya misitu yake ya asili. Mtembeaji huliona jambo hili bila kuhitaji takwimu, kwa sababu mpaka wa hifadhi mara nyingi ni mstari kama uliokatwa kwa kisu: huku msitu, huku mahindi.

Baada ya kuchagua njia, swali linalofuata ni la muda, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo bado inatumika: kila maili tatu za mwendo, yaani karibu kilomita tano, zihesabiwe saa moja, na kila mita 600 za kupanda ziongezewe saa moja nyingine. Kwa hiyo mzunguko wa kilomita 15 wenye mpando wa jumla wa mita 600 utachukua saa nne. Lakini kanuni hiyo ilimlenga mtu mwenye nguvu, asiyesimama kupumzika, kula, kupiga picha wala kungoja mtoto afungwe kamba za viatu. Kwa familia iliyo likizoni ni busara kuzidisha hesabu hiyo mara moja na nusu, au hata mara mbili, na kuacha nafasi ya akiba juu yake. Sababu ya kusisitiza akiba ni jua lenyewe. Ulaya ya kaskazini, mtembeaji wa Julai aliyechelewa husaidiwa na jioni inayonyooka hadi saa tatu au nne za usiku. Karibu na ikweta hakuna msaada wa namna hiyo. Lushoto mwezi wa Julai jua hutua yapata saa kumi na mbili na nusu, na kwa kuwa hushuka wima, giza kamili huingia chini ya nusu saa baadaye, na ndani ya msitu huingia mapema zaidi. Anayetoka saa mbili asubuhi na kupanga kurudi saa kumi alasiri ana nafasi ya kukosea njia mara moja na bado akafika kwa mwanga. Anayetoka saa tano hana nafasi hiyo.

Kuhusu mwili, habari njema ni kwamba ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na uhaba wa hewa na ambao huwasumbua wapandao Kilimanjaro, kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500, na vilele vya Usambara havifiki huko. Tabu ya Usambara ni mteremko. Watu wengi huhofia kupanda, lakini kupanda huchosha hasa moyo na mapafu, ambavyo hupata nafuu mtu akisimama dakika mbili, ilhali kushuka hufanya kazi kwenye misuli ya mapaja kwa namna iliyo ngumu zaidi: msuli hulazimika kukaza huku ukivutwa na kurefuka, ili kuuzuia uzito wa mwili usiporomoke, na nyuzi zake hupata michubuko midogo ambayo maumivu yake hujitokeza siku ya pili au ya tatu. Fimbo nzuri, inayofika kiunoni, huyapunguzia magoti sehemu ya mzigo huo, na wazee wa milimani wanaotembea na bakora wanajua wanachokifanya. Viatu viwe na soli yenye meno na viwe vimekwisha kuvaliwa siku kadhaa kabla, maana kiatu kipya hutoa malengelenge kabla ya saa sita mchana. Kucha za vidole zikatwe, kwa sababu kwenye mteremko vidole husukumwa mbele na kugonga ncha ya kiatu. Maji lita moja na nusu au mbili kwa kila mtu mzima yanatosha kwa kipupwe, pamoja na chakula kisichoharibika kama chapati, viazi vitamu, karanga na ndizi, na vitu vitatu ambavyo huachwa nyumbani kwa sababu asubuhi ilikuwa na jua: koti la mvua, sweta na tochi. Ukungu ukishuka, nguo ya pamba iliyolowa jasho hunyonya joto la mwili haraka, na mtu anaweza kutetemeka kwa baridi katika nchi ambayo ramani huionyesha kuwa ya tropiki.

Kwa mtu wa pwani au wa jijini, ambaye hajazoea njia zisizo na vibao, mwongozaji wa kienyeji ni jambo la lazima, hasa msituni na kwenye genge. Katika mji wa Lushoto vipo vikundi vya waongozaji ambao ni vijana wa vijiji hivyo hivyo, na malipo yao ni vyema yakakubaliwa mapema, yakijumuisha kibali na chakula. Mwongozaji hampi mgeni njia pekee. Humpa pia ruhusa ya kijamii, kwa sababu njia nyingi hupita uani mwa watu, kati ya jiko na zizi, na mwenye kupita uani mwa mwenzake bila kusabahi huwa amefanya utovu wa adabu hata kama ramani inamruhusu. Mzee aliyeketi barazani huamkiwa shikamoo kabla ya kuulizwa njia, na picha ya mtu huombwa. Mila hizi Waswahili wanazo, na ndiyo sababu wao, kuliko mgeni yeyote, wana kila nyenzo za kuyafurahia matembezi haya.

Ipo adabu nyingine inayoihusu ardhi. Kwenye miteremko ya Usambara mtembeaji ataona mistari ya majani marefu iliyopandwa kukingama na mteremko, miti ya mgrivea kati ya mahindi, na mahali pengine ngazi za udongo zilizoshikiliwa kwa kazi ya mikono. Mistari hiyo si mapambo. Mteremko mkali uliolimwa wazi hupoteza udongo wake kwa kila mvua kubwa, na mapambano ya kuuzuia yana historia chungu. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango katika bonde la Mlalo, baadaye ukaenezwa kwingine, uliowalazimisha wakulima kujenga matuta katika mashamba yao kwa amri na faini. Wakulima, wanawake wakiwa mstari wa mbele, waliupinga kwa nguvu, kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa, faida haikuonekana, na amri ilitoka kwa watu ambao hawakuulizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango huo uliachwa. Haikuwa kwamba wenyeji hawakujali ardhi. Katika lugha ya Kisambaa kulikuwa na misemo miwili iliyotumika kuupima utawala wote, kuzifya shi, yaani kuiponya au kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu, na mtawala alihukumiwa kwa lipi kati ya hayo mawili alilolifanya. Miaka ya 1980, mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, uliosaidiwa na Ujerumani, ulijaribu njia ya upandaji wa miti na majani ya guatemala, ambayo pamoja na kuzuia udongo huwalisha ng'ombe, na mengi ya yanayoonekana leo njiani yametokana na kipindi hicho. Mtu anayekata kona kwa kushuka moja kwa moja kupitia shambani, akayavunja majani hayo kwa viatu vyake, hufungua mfereji ambao mvua za vuli zitaupanua.

Udongo unaookolewa pale juu una wateja wa mbali. Kabichi, karoti, hoho na viazi vinavyokuzwa kwenye vibonde vya Lushoto huteremshwa kwa malori usiku hadi masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Maji ya mto Zigi, unaotoka Usambara Mashariki, ndiyo yanayonywewa katika jiji la Tanga, na mto Umba, ambao chanzo chake kiko katika misitu ya Usambara Magharibi, huvuka mpaka na kuingia baharini karibu na Vanga, nchini Kenya. Mkazi wa pwani anayetembea Magamba akavuka kijito kwa kuruka jiwe hadi jiwe yumo katika sehemu ya juu ya mfumo wa maji unaomhusu, hata kama bomba la nyumbani kwake halijawahi kumweleza hivyo.

Wenye siku zaidi ya moja wanaweza kwenda mbali zaidi, hadi Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ncha ya kaskazini ya milima, ambako genge limeshuka pande mbili na ambako siku za uangavu Kilimanjaro huonekana nyuma ya milima ya Upare, au kuvuka bonde la Lwengera na kuingia Amani, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Lakini kwa familia yenye siku moja tu na watoto wasiozidi miaka kumi, Irente inatosha, na mpango wake ni mwepesi: kuondoka mjini saa mbili, kufika ukingoni kabla ya saa tano wakati ukungu umekwisha kupanda, kukaa mbali na ncha ya jabali kwa kuwa hakuna ukuta wa kuzuia, kula, na kuanza kurudi kabla ya saa nane. Katika saa hizo za alasiri njia huwa na watu wengi kuliko asubuhi. Ni wanafunzi wanaotoka madarasa ya likizo, ni wanaume wenye majembe begani, na ni akina mama waliotoka sokoni na mizigo kichwani, ambao huwapita watembeaji wa jijini kwenye mpando bila kupunguza mwendo, wakaitikia salamu, na wakapotea kwenye kona ya juu kabla watoto hawajamaliza kuwahesabu.